Kopo la Supu Katika Chungu cha Cajun: Maswali ya Wasomaji na Majibu

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza namna ya kupika étouffée (mchuzi mzito unaoliwa kwa wali) ya kamba wa mtoni kwa njia ya zamani, yaani kwa kukaanga unga wa ngano katika mafuta hadi upatikane ruu, kisha kuunga humo vitunguu, seleri na pilipili hoho. Barua zilizokuja baada ya hapo zimenifurahisha, kwa kuwa karibu zote zinauliza jambo ambalo wapishi wengi hulifanya jikoni na wachache hulisema mezani: je, supu nzito ya kopo inaweza kuchukua nafasi ya ruu, na ikichukua, chakula kinabaki kuwa cha Cajun, ile jamii ya kusini mwa Louisiana, Marekani? Nimechagua barua zinazogusa pande tofauti za suala hilo, na majina ya waandishi nimeyaacha kama walivyoomba.

Swali: Mama, shikamoo. Nimeolewa katika familia ya Cajun hapa Lafayette, Louisiana. Mama mkwe wangu hupika étouffée kwa makopo mawili ya supu ya uyoga, na wageni humsifu. Wifi yangu anasema hicho si chakula cha Cajun bali ni chakula cha kiwandani, na kwamba bibi yao asingekigusa. Mimi niliye mgeni nimfuate nani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Wote wawili wana hoja, na ni vyema ukajua kila mmoja amesimama wapi kabla hujaingia katikati yao.

Wifi yako anasimama upande wa historia ndefu. Mababu wa Wacajun ni Waakadia, Wafaransa waliokuwa wakiishi katika eneo ambalo sasa ni Nova Scotia na majirani zake nchini Kanada, na ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755. Makundi yao yalifika kusini mwa Louisiana kuanzia miaka ya 1760, yakakaa kando ya mikondo ya maji kama Bayou Teche na katika mbuga zilizo magharibi yake. Mapishi yao yalikua kutokana na kile kilichopatikana: samaki na kamba wa mabwawani, nguruwe wa kufugwa, mchele, na chungu kimoja kizito kilichokaa motoni muda mrefu. Katika mapishi hayo ladha hutokana na kukausha vitu hadi viwe na rangi ya kahawia, iwe ni unga, vitunguu au nyama, na hakuna kiwanda kilichohusika.

Mama mkwe wako naye anasimama juu ya historia ambayo, ingawa ni fupi, ni ya kweli. Mwaka 1897 mkemia John T. Dorrance, aliyefanya kazi katika kampuni ya Campbell huko Camden, New Jersey, alibuni namna ya kutengeneza supu iliyopunguzwa maji, ili kopo liwe dogo na rahisi kusafirisha, na mpikaji aongeze maji mwenyewe nyumbani. Supu ya uyoga yenye krimu ya kampuni hiyo ilitoka mwaka 1934, na haikuchukua muda mrefu wapishi wa Marekani wakaacha kuinywa kama supu na kuanza kuitumia kama mchuzi mzito wa kuungia vyakula vingine. Ilienea Louisiana kama ilivyoenea kwingineko, ikaingia katika vitabu vya mapishi vilivyokusanywa na akina mama wa makanisa na wa vyama vya kijamii, na leo kuna watu wazima waliozaliwa katika nyumba za Cajun ambao étouffée ya kwanza kuila maishani mwao ilikuwa na kopo ndani yake. Kuwaambia watu hao kwamba chakula cha mama zao si chao ni kuwaonea.

Kwa hiyo mimi siulizi kama kopo limo chunguni, nauliza limepewa kazi gani. Supu ya kopo hutoa mambo matatu, nayo ni uzito, ulaini wa krimu na chumvi. Haitoi rangi ya kukaangwa, wala ile ladha ya kina ambayo ruu na vitunguu vilivyokaushwa huipa Louisiana jina lake. Mpishi anayeelewa hivyo huokoa muda wa kukaanga unga na kuutumia wote kwenye vitunguu. Asiyeelewa huokoa muda wote, na chakula chake ndicho ambacho wifi yako anakilalamikia. Msaidie mama mkwe wako kukata vitunguu siku atakapopika tena na utazame anavikaanga kwa muda gani. Nadhani hapo ndipo utaona kwa nini wageni wake wanamsifu.

Swali: Bi Mhariri, nilifuata mapishi niliyopewa na jirani: siagi, kitunguu kimoja, kopo la supu ya uyoga, kopo la nyanya zenye pilipili, na pakiti ya mikia ya kamba wa mtoni, vyote kwa dakika 20. Chakula kiliiva, lakini kilikuwa na ladha ya kopo, kizito kama gundi, na kamba walikuwa wagumu. Nifanyeje ili nisiache njia ya mkato na bado nipate étouffée inayostahili kuitwa hivyo?

Jibu: Dada yangu, umeuliza swali ambalo naweza kulijibu kwa kurasa nyingi, na kwa kuwa barua nyingine kadhaa zinafanana na yako, nitalijibu kwa urefu.

Tuanze na ladha ya kopo. Chakula cha kopo kisicho na uchachu huivishwa ndani ya kopo lililofungwa, chini ya shinikizo, kwa joto linalozidi lile la maji yanayochemka, ili vijidudu vyote vife. Maziwa, wanga na unga wa kitunguu vilivyomo hupikwa mno kwa namna hiyo, na ndipo inapotoka ile harufu tamu, iliyopooza, unayoisikia mara tu unapofungua. Harufu hiyo haiondoki kwa kuongeza viungo juu yake. Huondoka, au angalau hupungua sana, supu ikikaangwa. Watu wengi humimina supu pamoja na maji kwa wakati mmoja, na kuanzia hapo kinachofanyika ni kuchemsha tu. Imimine supu peke yake juu ya vitunguu vilivyo katika siagi, uisambaze kwa mwiko, uiache itokote kwa dakika tano au zaidi huku ukikoroga, hadi uone siagi inaanza kujitenga pembeni na supu yenyewe imebadilika kutoka kijivu kuwa rangi ya majani makavu. Baada ya hapo ndipo uongeze maji.

Sasa vitunguu, maana hapa ndipo étouffée inapopatikana au kupotea. Kwa pakiti ya gramu 454 ya mikia ya kamba, tumia vitunguu viwili vikubwa, si kimoja, pamoja na pilipili hoho moja na mashina mawili ya seleri, vyote vimekatwa vidogo. Yeyusha siagi gramu 115 katika sufuria nzito, ikiwezekana ile ya chuma cha kusubu, kisha utie vitunguu peke yake juu ya moto wa wastani. Dakika kumi za mwanzo vitatoa maji na kulainika tu, na mapishi mengi ya haraka huishia hapo. Endelea. Maji yakikauka, sukari iliyomo ndani ya vitunguu itaanza kushika sakafu ya sufuria na kuacha utando wa kahawia. Utando huo usiuogope. Mwagia kijiko kimoja cha maji, ukwangue kwa mwiko wa mbao, na utaona vitunguu vyote vinachukua rangi ile. Acha ushike tena, mwagia tena, kwangua tena. Ukifanya hivyo kwa muda wa nusu saa hadi dakika 40, vitunguu vitakuwa vimepungua hadi theluthi moja au nusu ya wingi wake, vitakuwa vya kahawia na vitamu, na harufu yake itakuwa imeacha kabisa ukali wa kitunguu kibichi. Ndipo utie seleri na pilipili hoho kwa dakika kumi, vitunguu saumu kwa dakika moja ya mwisho, na baada ya hapo kopo lako.

Kopo ni moja kwa pakiti moja ya kamba. Uzito wa gundi unaoulalamikia unatokana na wanga wa mahindi uliobadilishwa kiwandani, ambao huwekwa ili supu isitengane ndani ya kopo. Wanga huo hauchoki kwa kuchemshwa kama unga wa kawaida unavyoweza kuchoka, kwa hiyo dawa yake si kupika zaidi bali ni maji. Suuza kopo kwa nusu yake ya maji ya moto au mchuzi wa kamba usio na chumvi, umimine, utokose kwa moto mdogo dakika 15, na uongeze kidogo kidogo hadi mchuzi uweze kuteleza juu ya wali badala ya kukaa juu yake kama kilima.

Kuhusu kamba, kumbuka kwamba mikia inayouzwa imemenywa katika pakiti imekwisha kuchemshwa kabla ya kumenywa. Haihitaji kuiva, inahitaji kupata joto na kunywa mchuzi, na dakika tano hadi nane zinatosha kabisa. Angalia pia ndani ya pakiti: mikia ya Louisiana mara nyingi huja na mafuta ya manjano yanayotoka kichwani mwa kamba, na mafuta hayo ndiyo hazina ya chakula hiki. Usiyaoshe. Weka maji vijiko vitatu ndani ya pakiti tupu, uitikise, umimine maji hayo chunguni. Mikia iliyoagizwa kutoka nje ya Marekani mara nyingi huwa imeoshwa mafuta hayo, na hakuna supu ya kopo itakayoyarudisha.

Nyanya za kopo zenye pilipili sizikatazi, kwa kuwa zipo katika nyumba nyingi kuanzia Texas hadi New Orleans, ila katika mbuga za Cajun étouffée nyingi hazina nyanya, na mimi huona supu ya krimu na nyanya zikiwa pamoja hugombania chungu. Ukitaka uchachu, kamua limau kidogo mwishoni.

Jambo la mwisho ni ukali. Krimu na wanga huzima pilipili, kwa hiyo kiasi kinachotosha katika ruu hakitatosha hapa. Paul Prudhomme, mpishi mzaliwa wa Opelousas aliyefungua mgahawa wake K-Paul's mjini New Orleans mwaka 1979, alizoea kuchanganya pilipili tatu, yaani nyekundu kali, nyeusi na nyeupe, kwa sababu kila moja huuma mahali pake mdomoni. Njia hiyo inaifaa supu ya kopo kuliko chakula kingine chochote ninachokijua. Tia pilipili hizo wakati wa kukaanga seleri ili ziive katika mafuta, malizia kwa majani ya vitunguu na majani ya parsley, zima moto, na uache sufuria imefunikwa kwa dakika kumi kabla ya kupakua.

Utaona kwamba mapishi haya yanachukua zaidi ya saa moja, si dakika 20. Kopo limekuokolea kazi ya kusimama juu ya ruu bila kugeuka, na hiyo si kazi ndogo kwa mtu aliyetoka kazini, lakini vitunguu havina mbadala.

Swali: Ndugu mhariri, je, naweza kutumia supu ya kuku yenye krimu badala ya ruu katika gumbo? Mimi huogopa kuunguza unga.

Jibu: Hapana, ndugu yangu, na hapa nasema hapana bila kusita. Gumbo ya kuku na soseji ni mchuzi mwepesi, mweusi, wenye ladha ya unga uliokaangwa hadi karibu na kuungua, na krimu ikiingia humo huugeuza kuwa kitu cha rangi ya matope kisicho na jina. Tena ruu nyeusi katika gumbo haiwekwi kwa ajili ya uzito. Unga unapoendelea kukaangwa, joto hukatakata wanga wake, na kadiri ruu inavyozidi kuwa nyeusi ndivyo nguvu yake ya kuufanya mchuzi uwe mzito inavyopungua. Inayobaki ni ladha, na ladha hiyo ndiyo usiyoweza kuipata katika kopo la supu.

Zipo njia za mkato zinazoheshimu gumbo. Louisiana kuna ruu iliyokwisha kukaangwa, inayouzwa katika chupa madukani, na familia nyingi za Cajun huitumia bila aibu yoyote. Unaiyeyusha katika mchuzi unaochemka, kijiko kwa kijiko, hadi upate rangi unayoitaka. Kama huipati, kausha unga wenyewe katika oveni bila mafuta: tandaza vikombe viwili vya unga wa ngano katika sinia la chuma, oveni iwe nyuzi 200 za Selsiasi, uukoroge kila baada ya dakika kumi na kuvunja mabonge, na baada ya saa moja hivi utakuwa wa kahawia iliyoiva. Ukiona madoa meusi umeungua, na unga ulioungua hutupwa wote. Mzuri hukaa kwenye chupa iliyofunikwa kwa wiki nyingi, tayari kuchanganywa na maji au mafuta siku unayopika.

Mchuzi wa kuku wa kopo, ule mwepesi usio na krimu, unaweza kuutumia katika gumbo, mradi uchague wenye chumvi kidogo. Na kama unapenda unga wa majani ya sasafrasi, ambao wakazi wa asili wa Louisiana walikuwa wakiutumia kabla ya Waakadia kufika, utie baada ya kuzima moto, kwa kuwa ukichemka huvutika kama nyuzi.

Swali: Mama, shikamoo. Supu za kopo ni nyingi rafuni. Ipi inafaa chakula kipi?

Jibu: Marahaba. Kwa kamba na samaki mimi huchagua supu ya seleri yenye krimu kabla ya ile ya uyoga, kwa sababu seleri tayari imo katika mapishi haya na ladha yake haigombani na ya majini. Kwa nyama ya ng'ombe au ya nguruwe inayopikwa kwa kufunikwa hadi ilegee na kuliwa na wali, tafuta ile supu ya uyoga ya rangi ya kahawia iliyotengenezwa kwa mchuzi wa nyama, isiyo nyeupe. Hiyo inakaribia mchuzi wa Cajun kuliko zote, lakini nyama lazima kwanza ikaangwe kila upande hadi ishike sufuria. Supu ya kuku yenye krimu mahali pake ni katika mkate wa mahindi uliovunjwavunjwa na kuokwa pamoja na vitunguu na kuku. Supu ya jibini iache.

Swali: Dada mhariri, hapa Baton Rouge wenzangu kazini hupika jambalaya katika sufuria ya umeme ya wali, kwa kumimina kopo la supu ya vitunguu na kopo la mchuzi wa nyama juu ya mchele mbichi. Nilipojaribu, ilitoka uji, tena wenye chumvi isiyolika. Kosa liko wapi?

Jibu: Mapishi hayo ni maarufu kote kusini mwa Louisiana, na mimi nayapenda, kwa kuwa ni mahali pamoja ambapo supu ya kopo inafanya kazi karibu yote na kuifanya vizuri. Supu ya vitunguu ya aina ya Kifaransa haina krimu. Ina vitunguu na mchuzi wa nyama wa kahawia, na jambalaya ya Cajun ni ya kahawia, tofauti na ile nyekundu ya nyanya inayopendwa New Orleans.

Kosa la uji, nadhani, liko kwenye kipimo. Supu iliyopunguzwa maji hapa haiongezwi maji hata tone. Kikombe cha plastiki kinachokuja na sufuria ya umeme nacho hukanganya wengi, kwani hubeba mililita 180 hivi, wakati kikombe cha kupimia cha Marekani hubeba mililita 240. Mapishi ya wenzako yakisema vikombe viwili na nusu, maana yake kwa kawaida ni hivi vikubwa, yaani mililita 600 za mchele. Ukipima kwa kile kidogo, mchele unapungua kwa robo na maji yanabaki yaleyale. Kwa mililita 600 za mchele mrefu, weka kopo moja la supu ya vitunguu, kopo moja la mchuzi wa nyama, yote ya gramu 300 hivi, na kopo dogo la nyanya zilizosagwa ukitaka. Vitunguu, pilipili hoho na soseji vitaongeza maji yake vyenyewe.

Chumvi imetoka pande nne: supu, mchuzi, soseji ya moshi, na bila shaka ule unga wa viungo vya Cajun wa kwenye kopo la kijani au jekundu, ambao mara nyingi kiungo chake cha kwanza ni chumvi. Chagua mchuzi wa nyama usiotiwa chumvi, acha unga wa viungo, na utumie pilipili na saumu peke yake. Onja wali ukishaiva.

Nakuomba ufanye jambo moja ambalo wenzako huenda hawalifanyi. Kaanga soseji kwanza katika kikaango hadi ibadilike rangi pande zote, kisha kaanga vitunguu katika mafuta yake yaleyale, ukwangue sakafu kwa mchuzi kidogo wa kopo, ndipo umimine vyote katika sufuria ya umeme. Zinaongezeka dakika 15 tu, na watu wa Gonzales, mji unaojulikana kwa jambalaya kuliko mwingine wowote Louisiana, hawatakubali kamwe kwamba nyama inaweza kuruka hatua hiyo.

Swali: Mume wangu ana shinikizo la damu na daktari amempunguzia chumvi. Pia binti yetu hali ngano. Je, étouffée ya kopo tuiage?

Jibu: Ile ya kopo la kawaida, ndiyo, dada yangu. Kopo moja la supu ya uyoga lina sodiamu ya takribani miligramu 2,000, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie kiasi hicho kwa siku nzima. Hata likigawanywa kwa watu sita, bado kuna kamba, viungo na chochote kingine cha siku hiyo. Kuhusu binti, supu nyingi za krimu zina unga wa ngano hata kama jina lake linataja uyoga au seleri pekee, kwa hiyo ni lazima orodha ya viungo isomwe hadi mwisho. Yapo makopo yaliyopunguzwa sodiamu, ila baadhi yake hutiwa kloridi ya potasiamu badala ya chumvi, na mtu mwenye matatizo ya figo au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo anapaswa kumuuliza daktari wake kwanza.

Njia bora ni kutengeneza kopo lako. Kaanga gramu 100 za uyoga uliokatwa vidogo hadi maji yake yakauke na uwe wa kahawia, weka kando. Katika sufuria hiyohiyo yeyusha siagi isiyo na chumvi vijiko vitatu vya chakula, koroga humo vijiko vitatu vya unga wa mchele badala ya ngano, na baada ya dakika mbili mimina polepole nusu kikombe cha mchuzi wa kuku usio na chumvi na nusu kikombe cha maziwa, huku ukikoroga hadi uzito uwe wa uji mzito. Rudisha uyoga. Hicho ni sawa na kopo moja ambalo halijaongezwa maji, na unakitumia vilevile katika mapishi niliyoyaeleza hapo juu. Ladha yake, kwa maoni yangu, inalishinda kopo kwa mbali, na kazi yote ni ya robo saa.

Swali: Kwa nini mchuzi wangu wa supu ya kopo na nyanya hukatika na kuwa chembechembe?

Jibu: Supu ya kopo yenyewe ni vigumu kukatika, kwa sababu wanga wake unailinda. Kinachokatika ni maziwa mabichi au krimu unayoiongeza ili mchuzi uwe laini, yanapokutana na uchachu wa nyanya kwenye moto mkali. Kaanga nyanya mapema hadi zikauke, tia supu, na maziwa yaje mwisho kabisa, moto ukiwa mdogo na mchuzi hauchemki.

Swali: Naweza kupika étouffée nyingi na kuigandisha? Na kopo lililobonyea ni salama?

Jibu: Mchuzi wa supu ya kopo hugandishwa vizuri kuliko ule wa unga na maziwa wa nyumbani, ambao huweza kutoa maji ukiyeyuka. Gandisha mchuzi peke yake, na kamba uwatie siku ya kula, kwa kuwa wakipashwa moto mara ya pili huwa kama mpira. Kilichobaki mezani kiingie kwenye friji kabla ya muda wa saa mbili kupita, wali ukiwa katika chombo chake, na kiliwe ndani ya siku tatu au nne.

Kopo lenye mbonyeo mdogo ubavuni linatumika. Lililobonyea kwenye mshono au kwenye ukingo wa juu, lenye kutu iliyopenya, linalovuja, au lililovimba, litupe bila kulifungua na bila kuonja, hata kama tarehe yake haijafika.